Jina la Baba Gopi

Mama Gopi alitoka kwenye jengo la uhamiaji kule Cleveland, akatembea moja kwa moja hadi kwenye gari la Tilak, akaketi kiti cha nyuma na kufunga mlango. Upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio. Tilak alikuwa amesimama kando ya gari na kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Aliuona uso wa yule mama, akajua, akamwaga chai na kuingia kwenye usukani.

Walikuwa wamekaribia kabisa kufika Akron ndipo Mama Gopi aliposema neno.

"Samahani, Mwalimu. Nimekuangusha."

"Hujaniangusha, Mama Gopi. Kuna mara ya pili."

Hiyo mara ya pili ndiyo iliyomtisha Tilak, kwa sababu ya tatu haikuwepo. Anayeshindwa mtihani wa uraia huitwa tena baada ya miezi miwili au mitatu. Akishindwa tena, faili lake linafungwa, anaanza upya mwisho wa foleni, na foleni ile ilikuwa ya mwaka mzima na zaidi. Mama Gopi hakuwa na mwaka, kwa sababu Gopi hakuwa nao.

Gopi alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alibaki Nepal, mjini Damak, karibu na kambi ya wakimbizi walikoishi miaka yote ile baada ya kufukuzwa Bhutan. Alikuwa ameoa msichana wa pale, jina lake likaondolewa kwenye faili la familia, na wenzake walipopanda basi la kwenda uwanja wa ndege yeye alibaki kando ya barabara akipunga mkono. Sasa figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Walikuwa wanamsafisha damu kwa mashine, na kila mara alitoka pale amechakaa kuliko alivyoingia. Daktari alimwambia mkewe waziwazi kwamba mashine ile inasogeza siku tu.

Mama Gopi alitaka kitu kimoja: afike kabla. Kile kijitabu cha safari wanachopewa wakimbizi alikuwa amekiombea viza ya Nepal, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa tena. Waliokwenda na kurudi ni wenye pasipoti ya Marekani. Kwa hiyo kati yake na mwanawe kulikuwa na chumba kimoja chenye meza, kiti na afisa mmoja, na leo alikuwa ametoka humo mikono mitupu.

Tilak Siwakoti hakuwa mwalimu wa kusomea. Alifika darasa la tano huko Bhutan, kisha shule ikafungwa, kisha kijiji kizima kikatolewa. Kambini shule zilikuwepo, lakini yeye alikwenda mtoni na baba yake kuponda kokoto. Hapa Akron alikuwa anakunja mashuka kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali. Alikuwa mtu wa haya. Muuza duka akimsalimia kwa sauti, masikio yalimwiva. Alipofaulu mtihani wake mwenyewe, jirani alikuja kumuuliza ulikuwaje. Kesho yake wakaja wengine. Hata yeye hakujua vizuri ilitokeaje, lakini sasa kila Jumapili alikuwa anasimama mbele ya wazee wa kwao, kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la North Hill walichoazimwa pamoja na viti vyake vya chuma.

Alifundisha kama yeye alivyofundishwa kukunja mashuka: rudia mpaka mikono ijue kabla ya kichwa. Serikali ina sehemu tatu, basi vidole vitatu: kimoja kinatunga sheria, kimoja kinaitekeleza, kimoja kinaamua ugomvi. Maseneta mia aliwafundisha kwa kusema kila jimbo kati ya yale hamsini limetuma mume na mke.

"Na mume akifa?" aliuliza Mama Devaki, mjane wa maneno asiyekuwa mjane, maana mumewe alikuwa hai lakini yeye alimsema kama marehemu.

"Wanachagua mwingine."

"Hiyo ndiyo nchi," alisema Mama Devaki. Darasa likacheka hadi mchungaji akachungulia kutoka juu ya ngazi.

Kisha Tilak alikuwa anavaa koti la suti alilonunua mitumbani, na akilivaa tu yeye ni afisa. Anaita mmoja mmoja. Jina lako nani. Umezaliwa lini, na nusu ya darasa walijibu Januari mosi, kwa kuwa karani wa kambi ndiye aliyewachagulia. Una watoto wangapi. Umewahi kukamatwa. Umewahi kuwa mlevi wa kupindukia. Uko tayari kubeba silaha kuitetea nchi. Wazee walijibu kwa Kiingereza chao, huku wamekaa wima kama waliomezeshwa fimbo.

Katika wote hao, Mama Gopi alikuwa wa mbele. Maswali mia aliyajua akiwa anasukuma chapati. Ukimtajia swali nusu, yeye anamalizia jibu. Aliweza kuandika sentensi ya imla bila kuacha herufi. Ndiyo maana karatasi aliyopewa na afisa haikumwingia Tilak akilini. Iliandikwa kwamba mwombaji hakuweza kuelewa na kujibu maswali kwa Kiingereza.

"Alikuwa mkali?" Tilak alimuuliza.

"Hapana. Mtu mzuri. Alinipa maji."

"Alikuwa anasema haraka?"

"Hapana."

"Sasa ilikuwaje?"

Mama Gopi alivuta shali yake mbele kidogo, akatazama dirishani. "Masikio yaliziba," alisema.

Tilak aliamua kosa ni lake. Kiingereza chake kilikuwa cha mashuka na mapipa ya kufulia, na hicho ndicho alichowapa wengine. Afisa anasema kwa ulimi wa kwao, mama wa watu anasikia kelele. Akaanza kwenda nyumbani kwa Mama Gopi kila alipotoka kazini, bado ananuka sabuni ya kiwandani, na kumpa maswali mezani huku Baba Gopi akiwawekea chai ya maziwa na kuwachekesha.

Baba Gopi alikuwa mzee mwembamba, kofia yake ya kwao haikutoka kichwani hata ndani ya nyumba. Majira ya baridi yaliyopita walimpasua kifua wakarekebisha mishipa ya moyo, na tangu hapo alikuwa anaonyesha mshono ule kwa kila mgeni kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Mtihani wenyewe hakuwa ameuomba. Kichwa chake, alisema, kilijaa tangu Bhutan, hakuna pa kuweka kitu kipya.

Katikati ya somo simu ililia, na Gopi akatokea kwenye kioo, uso umevimba, macho madogo. Kila alipopiga alikuwa amelala upande uleule. Mama yake alimuuliza amekula nini. Alimjibu uji. Mama yake akamwambia anakuja, na Gopi akasema, "Ndiyo, mama," kama anavyojibiwa mtoto anayeahidi kununua ndege.

Tarehe ya pili ilifika kwenye barua, na Tilak akashikwa na hofu ya kweli. Akamwendea Binita, mtoto wa kaka yake, aliyekuja Amerika mdogo kabisa na sasa alikuwa anafanya kazi benki. Kiingereza cha Binita kilikuwa kilekile cha maafisa.

"Nisaidie Jumapili moja," Tilak alimwambia. "Vaa koti, uwe afisa. Usimhurumie. Muulize kila kitu kilichoko kwenye fomu, toka juu hadi chini."

"Baba mdogo, nitawaogopesha wazee wa watu."

"Waogopeshe."

Jumapili hiyo Binita aliketi mbele ya darasa, fomu mkononi, Mama Gopi kiti cha mbele yake. Ilikwenda vizuri hata Tilak akaanza kupumua. Jina, tarehe, anwani, ulifika lini nchini. Mama Gopi alijibu moja kwa moja, sauti wazi.

"Umeolewa?"

"Ndiyo, nimeolewa."

"Mume wako anaitwa nani?"

Mkono wa Mama Gopi ulipanda taratibu na kuvuta shali hadi kwenye paji la uso. Binita alidhani hakusikia, akarudia polepole na kwa sauti kubwa zaidi, kama Wamarekani wanavyofanya. Wanawake wote wa darasani walikuwa wanatazama sakafu. Mzee mmoja alikohoa, akatoka nje. Binita alirudia mara nyingine. Alipoona hakuna jibu, aliruka, akauliza rais wa kwanza alikuwa nani, swali ambalo Mama Gopi angelijibu usingizini, na Mama Gopi akamtazama kama anayeona midomo tu ikicheza.

"Basi," alisema Tilak. "Basi, Binita. Vua koti."

Mwanamke wa kwao halitaji jina la mumewe. Analitaja la shemeji, la mkwe, la jirani, lakini la mume linakaa ndani. Kulitoa ni kumpunguzia mume siku za kuishi. Mama yake Tilak mwenyewe alifariki na kuchomwa moto, kama kwao wanavyowazika wafu, bila mtu yeyote kusikia jina la baba likitoka kinywani mwake. Na katika majaribio yote ambayo Tilak alivaa lile koti, hata mara moja hakumuuliza mwanamke swali lile. Lilikuwepo kwenye fomu. Alikuwa analipita bila hata kujua analipita, kama mtu mwenye adabu anavyopita mlango wa chumba cha wakwe zake. Alikuwa amewaandaa kwa vita vya uhuru na maseneta na katiba, akawapeleka mbele ya afisa bila kuwaambia mlango wa kwanza uko wapi.

Alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Mama Devaki alimfuata.

"Mwalimu, ulifikiri wao ni kama wewe? Wale wanauliza mambo ya ndani bila hata kuona haya."

"Wewe walikuuliza?"

"Waliniuliza siku niliyofaulu. Nikalitaja."

"Na mumeo?"

"Yuko nyumbani anakoroma. Lakini wangu yule ni gogo. Wa mwenzangu ameshonwa kifuani."

Mama Gopi mwenyewe alikuwa bado kwenye kiti. Tilak aliporudi ndani, alisema bila kuinua macho, "Mimi si mjinga, Mwalimu. Yote nayajua. Ni hilo moja."

"Kwa nini hukuniambia, Mama Gopi? Muda wote huu?"

"Ningeanzia wapi? Na wewe mwanamume."

Jioni hiyo Tilak alikwenda naye nyumbani, kwa sababu hakuona namna ya kumficha mzee. Baba Gopi alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akagonga meza.

"Dhanapati," alisema. "Hilo tu? Dha-na-pa-ti. Si jina la chui. Sema, tumalize."

"Wewe nyamaza, umeze dawa."

"Karani wa kambi alikuwa analiita kila akigawa mchele. Nikawa nanenepa."

"Karani si mke wako."

"Nimekuruhusu. Mbele ya Mwalimu nimekuruhusu. Kukiwa na kosa, liandikwe kwangu."

Mama Gopi aliweka chini kijiko alichokuwa ameshika. "Kila mwaka nafunga kutwa nzima, tone la maji sinywi, ili wewe uishi. Nimefunga tangu nimeletwa kwenu msichana. Nilifunga kambini hakuna chakula cha kufungia wala kufungulia. Ulipolazwa, walipokupasua, nani alikuwa kwenye benchi pale anafunga? Leo niende kwa mtu nisiyemjua nifungue mdomo niyafute yote hayo? Unataka nikuue wewe ili nimwone mwanao?"

Baba Gopi alivua kofia, akaishika magotini. Tilak hakuwahi kumwona bila kofia. Kichwa kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

"Mimi nimeshaishi, mama," mzee alisema baadaye. "Yule ana watoto wadogo."

"Usinipangie nani afe," alijibu mkewe, akaingia jikoni. Waliokuwa sebuleni walisubiri wasikie sauti ya mti wa kusukumia chapati, na haikusikika.

Tilak alitafuta njia nyingine kila mahali. Alikwenda hadi ofisi ya msaada wa wakimbizi, akasimama mlangoni mpaka mama mmoja wa pale alipomwonea huruma na kumuuliza ana shida gani. Je, mwombaji anaweza kuliandika jina? Anaweza kulionyesha kwa kidole kwenye fomu? Yule mama alifikiri, akasema inategemea utakayempata. Wengine watakubali. Wengine watasema huo ni mtihani wa kuongea, ongea. Tilak alirudi amebeba neno hilo, inategemea, na hakuona pa kuliweka. Nani angemweka Gopi juu ya neno kama hilo?

Baba Gopi naye alimpigia simu pandit, kuhani wa dini yao, akaweka sauti ya nje ili mkewe asikie. Pandit alisema penye shida kubwa inaruhusiwa, mradi aguse maji na kuomba radhi. Mzee akamgeukia mkewe kama aliyeshinda kesi.

"Pandit hana mume," alisema Mama Gopi.

Jumapili iliyofuata Mama Devaki alilichukua darasa. Aliwafukuza wanaume wote, na Tilak pamoja nao, wakaenda kusimama kwenye ngazi mikono mifukoni kama vijana waliofumaniwa. Kutoka ndani walisikia kwanza minong'ono, kisha kicheko, kisha wanawake wakitaja majina kwa pamoja ili lisisikike la nani limetoka kwa nani. Kila mzee pale ngazini alikuwa anasikiliza la kwake huku anajifanya hasikilizi. Kisha kelele ikakoma. Mama Devaki akafungua mlango, safari hii bila mzaha usoni.

"Bado," alimwambia Tilak. "Tulimwachia peke yake. Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Kisha alikwenda kutapika."

Wiki hiyo Gopi alipiga simu wakati Tilak yupo. Hakuwa akishika simu mwenyewe tena. Mkewe alikuwa anamshikia. Baba yake alikuwa ameshamwambia habari, kwa maana mzee yule hakuweza kukaa na kitu.

"Mama," alisema Gopi, "nasikia umeshindwa kumwita baba." Alijaribu kucheka, akakohoa. "Usimtaje. Acha tu. Utamwita vipi mtu aliyekataa kunyoa kwenye harusi yangu?"

"Nitakuja," alisema mama yake.

"Usimtaje, nimesema. Mimi nitakungoja."

"Utaningoja mpaka lini?"

Gopi alifikiri. Walimwona akifikiri kweli, kama aliyeulizwa bei ya kitu. Kisha akafumba macho, na mkewe akaigeuza simu, wakaona dari. Mama Gopi alichukua ncha ya shali yake akafuta kioo cha simu, upande huu na upande ule, polepole, ingawa pale palikuwa na dari tu.

Siku ya mtihani Mama Gopi alitoka nyumbani amejipaka rangi nyekundu ya ndoa kwenye njia ya nywele, nzito kuliko siku zote, na shanga zake za kijani shingoni. Tilak alimpa chupa ya maji. Akaikataa.

"Nimefunga leo."

"Leo si siku ya kufunga, Mama Gopi."

"Najua."

Baba Gopi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kofia na koti zito, hakuna aliyemwalika. Walipofika, yeye alikataa kushuka. "Mimi nabaki hapa. Kama ni kuanguka, nianguke kwenye kiti." Mkewe hakumtazama. Alishuka, akatembea hadi kwenye milango ya vioo, na walinzi wakampitisha.

Tilak na mzee walikaa garini, kipasha joto kinavuma. Tilak hakuwa mtu wa imani kali. Hekaluni alikwenda siku za sikukuu, kwa ajili ya watoto. Lakini muda ulivyokwenda alijikuta anaangalia kifua cha Baba Gopi, koti likipanda na kushuka. Mzee alizungumza kuhusu theluji, kuhusu bei ya maziwa, kuhusu ng'ombe aliyekuwa naye Bhutan aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Kisha akaacha kuzungumza. Kichwa kiliegemea dirisha. Tilak alitazama koti, akaona halipandi. Akalishika bega lile na kulitikisa kwa nguvu.

"Nini wewe?" Baba Gopi alifumbua macho.

"Hakuna kitu, mzee. Nilidhani..."

"Ulidhani ameshalitaja." Mzee alijiweka sawa. "Na mimi nilidhani hivyohivyo. Nilisikia usingizi nikasema, ahaa, ndiyo hii sasa." Hakucheka. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na Tilak akaona kwamba mzee huyu aliyekuwa akitamba mbele ya mkewe alikuwa amekaa pale muda wote akisubiri kufa, na hakuomba gari ligeuzwe.

Mama Gopi alitoka. Alitembea haraka, karibu kukimbia, karatasi mkononi. Hakumwendea Tilak. Alifungua mlango wa mbele, akainama, akaweka kiganja juu ya koti la mumewe, pale penye mshono.

"Unapumua?"

"Napumua, mama."

"Kizunguzungu?"

"Sina."

Ndipo akakaa palepale chini kwenye ukingo wa lami, sari ndani ya maji ya theluji. "Nilimwonyesha kwa kidole," alisema. "Akasema hapana, nimwambie kwa mdomo. Nikalitaja. Akasema hakusikia, nirudie." Alimtazama Tilak kana kwamba ndiye aliyekuwa nyuma ya meza. "Nikarudia. Mwalimu, nimelitaja mara ya pili."

Karatasi ilisema amefaulu. Maswali mengine yote alikuwa ameyapata. Hakuna aliyeshangilia. Walirudi Akron, na njia nzima mkono wa Baba Gopi ulikuwa nyuma ya kiti, mkewe ameushika kifundo pale penye mshipa, asiuachie hata wakati Tilak aliposimama kuweka mafuta.

Baada ya hapo ilikuwa ni kusubiri, na kusubiri kulikuwa kubaya kuliko mtihani. Tarehe ya kiapo ilichelewa kuja. Kule Damak mwili wa Gopi ulianza kuikataa mashine. Presha ilikuwa inashuka kila wakimfunga nayo, wakaacha, wakajaribu tena, kisha madaktari wakamwambia mkewe amrudishe nyumbani. Mama Gopi aliacha kulala kitandani. Alikuwa analala sakafuni kando ya kitanda cha mumewe ili amsikie pumzi. Mzee akichelewa chooni, aligonga mlango. Alikuwa analinda wawili kwa wakati mmoja, mmoja mbele yake na mwingine ng'ambo ya dunia, na akawa amekonda hata shanga zikamlegea.

Alikula kiapo kati ya watu wengi, mkono juu, Tilak akiwa safu ya nyuma. Walimpa bendera ndogo. Aliiweka kwenye mkoba bila kuitazama, akamuuliza Tilak pasipoti ya dharura inatolewa wapi. Watu wa jamii walichangishana nauli. Uwanja wa ndege, kabla ya kuingia ndani, alimpa Mama Devaki maelekezo yote ya dawa za mzee, kisha akasimama mbele ya mumewe, na Tilak akageuka kando.

Siku ambayo alipaswa kufika, Tilak alitoka kazini akaenda kwa Baba Gopi moja kwa moja. Mlango haukuwa umefungwa. Mzee alikuwa mezani, simu imeegemezwa kwenye bakuli la wali aliouacha, na kwenye kioo palionekana kitanda, chandarua kilichokunjwa, na mgongo wa Mama Gopi ambaye bado alikuwa amevaa koti lake la Ohio.

"Amefika?" Tilak aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amefika."

"Amemkuta?"

"Amemkuta. Hasemi. Lakini anasikia. Alipomwambia mama yuko hapa, alikunja vidole." Baba Gopi alionyesha kwa mkono wake mwenyewe, vidole vikikunjana kidogo tu. "Hivi."

Tilak alivuta kiti. Walitazama pamoja. Mama Gopi alikuwa amechovya kitambaa kwenye maji na kulowesha midomo ya mwanawe. Nyuma, mtoto alikuwa anauliza nani huyu, na mtu alimjibu ni bibi yako. Kisha simu ya kule ikaishiwa chaji, au mtandao ukakatika, na kioo kikawa cheusi.

Baba Gopi aliendelea kukitazama.

"Mwalimu," alisema, "mimi nikianza darasa leo, nitachukua muda gani?"

Tilak alijua. Kwa kichwa kile na foleni ile, miaka miwili, na hiyo ni kama Mungu ameamua kuwa mwema. Kule Damak hawakuwa wakihesabu hata wiki. Mzee naye alijua, hilo Tilak aliliona usoni mwake, na bado alikuwa ameuliza, na bado alikuwa anasubiri jibu.

"Tukianza leo, si mbaya," alisema Tilak.

"Basi niulize."

Tilak alisogeza bakuli la wali kando. Aliuliza swali la kwanza, lile la sheria kuu ya nchi, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, polepole. Baba Gopi alikunja uso. Midomo ilitafuta, ikakosa. Macho yake yalirudi kwenye simu nyeusi.

"Katiba," Tilak alimwambia. "Sema, mzee. Katiba."

Mzee alijaribu, akakosea. Tilak akauliza tena.